Mikono ya George Carruthers na kabati letu la fizike



Mwezi uliopita, katika saa ya fizike, mwalimu wetu alimaliza somo la mwanga mbele ya kengele. Zilibaki dakika kumi hivi. Wengine walikuwa wamekwisha kufunga makaye. Mwalimu akatuuliza: « Chombo cha kwanza cha kutazama nyota kilichosimamishwa juu ya mwezi, nani alikitengeneza? » Hapakuwa na mutu wa kujibu. Mmoja wa nyuma akasema Armstrong, tukacheka, lakini kusema kweli sisi tuliocheka hatukuwa na jibu lililo bora. Mwalimu akaandika ubaoni: George Carruthers. Halafu kengele ikalia, kila mutu akakimbilia chakula.

Sisi wakapita hatukuliacha jina lile. Tulimrudia mwalimu mara tatu, tukasoma karatasi alizotupa, tukaona kwamba ndani ya habari za mutu huyu mna neno linalotugusa sisi wa shule hii, hasa kwa ajili ya lile kabati la chuma lililo nyuma ya darasa la tano. Wote mnalijua. Tutafika kwenye kabati. Kwanza tueleze habari za mutu.

George Robert Carruthers alizaliwa tarehe 1 Oktoba 1939 katika mji wa Cincinnati, jimbo la Ohio, Marekani. Alikuwa Mmarekani mweusi. Baba yake alikuwa injenieri, na alimtia mwana wake moyo wa kupenda hesabu na sayansi. Mtoto alikuwa na umri wa miaka kumi alipotengeneza teleskopu yake ya kwanza. Mwili wake ulikuwa mirija ya kartoni. Vioo vyake alivinunua kwa pesa alizopata katika kazi ya kupelekea watu vitu nyumbani kwao. Miaka miwili nyuma ya hapo, baba yake akafa. Mama akawachukua watoto wakahamia Chicago, na huko akafanya kazi ya posta ili awalishe.

Katika mji ule mkubwa kijana alikwenda mara nyingi mahali panapoitwa Adler Planetarium, nyumba ambayo watu wanafundishwa habari za nyota. Katika mashindano ya sayansi ya wanafunzi alipata zawadi, moja kwa ajili ya teleskopu aliyoitengeneza mwenyewe. Alimaliza shule ya sekondari mwaka wa 1957, ule mwaka ambao Warusi walirusha Sputnik. Hapo wengi waliokuwa wakisema kwamba habari za kwenda juu ni hadithi za watoto wakanyamaza.

Sasa mwangalie vizuri aliyoyasoma kwenye chuo kikuu cha Illinois, maana sisi tulishangaa. Mtu huyu aliyependa nyota tangu utoto hakupata diplome zake katika masomo ya nyota. Diplome ya kwanza, mwaka wa 1961, ni ya uinjenieri wa ndege. Ya pili, 1962, ni ya uinjenieri wa nyuklea. Ya udaktari, 1964, ni tena ya uinjenieri wa ndege na vyombo vya anga. Ni kusema, alijifunza kwanza kutengeneza vyombo. Alijua atakavyovitengeneza mbele ya kujua nyota zote kwa majina. Kwetu tungesema: huyu amepoteza njia, amekuwa fundi.

Mwaka ule ule wa 1964 aliingia katika maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani, mjini Washington. Msiulize sana jeshi la majini linatafuta nini kwa nyota. Mwanga wa jua usioonekana unageuza hewa ya juu, na hewa hiyo ya juu njo inayorudisha mawimbi ya redio chini. Mwenye merikebu mbali baharini anahitaji redio yake isikike. Watu wa maabara ile walikuwa wakipeleka vyombo juu kwa roketi tangu mwaka wa 1946. Carruthers alikuta njia imefunguliwa, akaleta mikono yake.

Tuseme kidogo juu ya mwanga wenyewe, kwa ajili ya wadogo ambao hawajafika kwenye somo hilo.

Kila mmoja wetu amepita karibu na wale wanaosudera vyuma kule sokoni. Musudera anafunika uso kwa kioo cheusi, na mtoto anayekodolea macho ule moto analala usiku macho yakimwasha kama yametiwa mchanga. Ndani ya ule mwanga mweupe mna mwanga mwingine ambao jicho haliwezi kuuona, nao unaitwa ultravioleti. Jua linao, nyota zinao. Sehemu ndogo inafika kwetu na kuchoma ngozi. Lakini ultravioleti yenye nguvu zaidi haifiki chini hata kidogo, kwa sababu oksijeni na ozoni ya hewa yetu inaimeza juu kabisa.

Kwa sisi wenye mwili ni baraka. Kwa mwenye kutafuta habari za nyota ni hasara kubwa. Nyota changa zenye moto mwingi zinatoa sehemu kubwa ya mwanga wao humo. Hidrojeni, ambayo ni nyingi kuliko vitu vyote ulimwenguni, inaacha alama zake zenye nguvu humo. Basi mutu akisimama chini, hata awe na teleskopu kubwa namna gani, ni kama mutu anayesikiliza kwaya akiwa nyuma ya ukuta: anasikia besi, sauti za juu zimebaki ndani.

Dawa yake ni kupeleka chombo juu ya hewa. Inasemwa upesi, lakini kuifanya ni taabu. Kioo cha kawaida, hiki cha dirisha na cha miwani, kinazuia ultravioleti hiyo ya mbali. Ni lazima kutumia vioo vya namna nyingine kabisa, au vioo vya kurudisha mwanga. Hewa kidogo tu ikibaki katikati inaimeza. Kwa hiyo hata kujaribu chombo ndani ya maabara ni lazima kukitia katika pipa ambalo hewa yote imenyonywa. Tena nyota nyingi ni hafifu sana, na filimu ya foto haioni vizuri kitu hafifu. Na mwanga wa kawaida uko mahali pote, unaingia na kuharibu foto.

Carruthers alifanya hivi. Kioo kinakusanya mwanga na kuutupa juu ya utando mwembamba wa kitu cha jamaa ya chumvi. Utando huo una tabia yake: ultravioleti ikiupiga, unatoa elektroni, mwanga wa kawaida ukiupiga, hautoi kitu. Elektroni zinasukumwa kwa umeme wa maelfu ya volti, sumaku inazishika zisitawanyike, nazo zinaipiga filimu kwa nguvu. Mwanga mdogo sana unaacha alama kubwa, na mwanga wa kawaida unabaki nje kama mgeni asiyealikwa. Serikali ya Marekani ilimwandikia haki ya chombo hicho tarehe 11 Novemba 1969. Alikuwa na umri wa miaka thelathini.

Tulipofika hapa mwenzetu mmoja alisema: « Kumbe! Elektroni, volti, sumaku, kioo, vyote hivi viko katika makaye yetu. » Ni kweli. Viko katika makaye. Tumeviandika, tumevikariri, tumevipatia pointi. Hakuna hata kimoja tulichokishika.

Mwaka wa 1970 chombo chake kilipanda kwa roketi ndogo ya namna ya Aerobee kutoka White Sands, katika jangwa la New Mexico. Roketi ya namna hiyo haizunguki dunia. Inapanda, inakaa juu ya hewa dakika chache tu, inaanguka. Kazi ya miezi mingi ina dakika hizo chache za kuona. Uzi mmoja wa umeme ukikatika, imekwisha. Safari ile haikukatika kitu. Chombo kilitazama nyota moja iitwayo Xi Persei, na katika mwanga wake kilikuta alama za hidrojeni ambayo atomu zake zimeungana mbili mbili.

Mbele ya hapo wataalamu walikuwa wakidhani kwamba hidrojeni ya namna hiyo lazima iko katikati ya nyota, lakini hapakuwa na mutu aliyeiona. Carruthers aliiona wa kwanza. Tena si kidogo: kwenye njia ya kwenda nyota ile, karibu nusu ya hidrojeni yote ilikuwa ya namna hiyo. Ni jambo kubwa, kwa maana mawingu yenye hidrojeni hiyo njo mahali ambapo nyota mpya zinazaliwa. Jibu lilikuwa likingoja muda mrefu. Lilingoja mutu wa kutengeneza jicho.

Sasa twende mwezini. Wakuu wa safari za Apollo walikuwa wameomba maoni juu ya vyombo vya kupeleka kule. Carruthers alitoa lake, na mtaalamu mwingine, Thornton Page, alitoa lake, wakaambiwa wayaunganishe. Chombo kilichotokea kilikuwa kamera na spektrografu pamoja, uzito wake karibu kilo 22, kimesimama juu ya miguu mitatu, kimepakwa dhahabu ili jua lisikipashe moto kupita kiasi. Kioo chake kilikuwa na upana wa santimetre 7 na nusu tu. Tulipima kwa rula: ni kama mdomo wa kikombe cha chai cha hapa interna.

Apollo 16 ilitua mwezini mwezi wa Aprili 1972, katika nchi ya vilima inayoitwa Descartes. John Young alikisimamisha chombo katika kivuli cha merikebu waliyotua nayo, kwa sababu kilitakiwa kukaa mahali pa baridi. Kule juu kivuli kinasogea polepole, basi ikawa lazima kukisogeza pia. Na kwa baridi ile chombo kilikuwa kigumu kugeuka. Young, na mikono yake ndani ya glavu nene, alisumbuka kukielekeza. Lakini kilifanya kazi. Filimu ilikuja nyumbani na foto 178. Chombo chenyewe kiliachwa. Kiko kule mpaka leo.

Kilipoelekezwa kwa dunia yetu kilionyesha kitu ambacho macho ya mutu hayakupata kuona: dunia imezungukwa na wingu kubwa sana la hidrojeni linalong'aa katika ultravioleti, kama taa ya kioo iliyofunikwa na moshi. Wanaliita jiokorona. Zilionekana pia nuru za ncha mbili za dunia, na mikanda ya mwanga iliyo karibu na ikweta upande wa usiku. Halafu kilielekezwa kwa nyota, kwa mawingu ya gesi, kwa Wingu Kubwa la Magellan ambalo ni jamaa ya nyota iliyo nje ya jamaa yetu.

Tunataka kusimama hapa kidogo. Tulipowasimulia wenzetu wa interna, swali la kwanza lilikuwa: « Kweli, mutu mweusi? » Tulifurahi, tusifiche. Aliingia maabara ile mwaka wa 1964, ndio mwaka ambao sheria ya Marekani ya kukataza ubaguzi ilitiwa sahihi, na katika kazi kama yake watu weusi walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Lakini swali lilikoma papo hapo, kana kwamba rangi ya ngozi ilitengeneza kamera. Hakuna aliyeuliza: alijifunzia wapi kushika bisibisi? Sisi tunaona swali la pili ndilo lenye faida kwetu, kwa sababu la kwanza haliombi kitu kwa mwanafunzi, anapiga makofi tu na kurudi kulala.

Hapa shuleni kazi ya mikono tunaijua kwa namna moja: ni adhabu. Ukichelewa, unafyeka majani. Ukisema Kiswahili katika saa ya Kifaransa, unachota maji. Mwenye pointi nzuri anakaa kwenye kiti, mwenye makosa anashika jembe. Baada ya miaka sita ya mafundisho hayo, nani atapenda kushika kitu? « Wewe utaishia kuwa fundi » ni tusi katika darasa letu. Tumelitumia sisi wenyewe.

Na sasa tumefika kwenye kabati. Ndani yake mna mikroskopi moja, sumaku, nyaya, vioo vya kukuzia vichache na prisma. Mna prisma mbili, zilikuwa tatu. Miaka miwili iliyopita mwanafunzi mmoja wa darasa la chini alichukua prisma wakati mwalimu ametoka, akaipeleka dirishani apate kuona kama jua litapasuka rangi saba kama kitabu kinavyosema. Lilipasuka. Waliokuwako walipiga kelele ya furaha, yeye akashtuka, prisma ikaanguka juu ya simenti.

Kapita wa kelele aliandika jina lake. Yule kapita ni mmoja wetu tunaoandika ukurasa huu. Kijana alifyeka majani juma nzima, na baba yake akaitwa. Kabati likafungwa kwa kufuli, ufunguo ukaenda ofisini. Tangu siku ile somo la mwanga ni chaki tu. Sisi wa darasa la mwisho tutakwenda kwenye ekizame ya Leta tukijua sheria ya kupinda kwa mwanga kwa moyo wote, na wengi wetu hatujaona mwanga ukipinda, isipokuwa kijiti katika ndoo ya maji.

Hatusemi kwamba alifanya vema kuchukua kitu bila ruhusa. Hapana. Lakini tuliandika « fujo » kwenye karatasi, na neno lile halikuwa la kweli. Kijana huyo leo ndiye anayetengeneza redio na tochi za interna yote, usiku, kwa kujificha, kwa sababu anaogopa kapita. Ni sisi anaotuogopa.

Tunajua yatakayosemwa, na mengine ni ya haki. Bwana Ekonoma atasema prisma haiokotwi njiani, na wazazi wetu wanalipa mineravali kwa shida. Ni kweli. Mwingine atasema: « Carruthers alikuwa na serikali ya Marekani nyuma yake, ninyi muko na nani? » Hilo pia ni kweli, na hatutaki kudanganya wadogo kwamba moyo wa bidii peke yake unajenga roketi. Bila maabara ile, bila roketi za serikali, jina lake lisingefika kwetu. Lakini teleskopu ya kwanza haikujengwa na serikali. Ilikuwa kartoni na vioo viwili, na mtoto wa miaka kumi ambaye hakuna mutu aliyemwambia: usiguse.

Tena mwangalie alivyofanya alipokuwa mkubwa. Nyuma ya Apollo alikuwa na kazi nyingi. Kamera ya namna ile ile ilipelekwa katika nyumba ya anga iitwayo Skylab, ikapiga foto za nyota-mkia Kohoutek katika safari ya mwisho iliyoanza mwaka wa 1973. Vyombo vyake vingine vilitazama nyota-mkia ya Halley mwaka wa 1986, vikapanda na ndege ya anga ya Marekani mwaka wa 1991. Kingine kilikuwa katika setelaiti ARGOS iliyorushwa mwaka wa 1999, na mwaka ule ule kikashika foto ya kimondo kikiingia katika hewa yetu. Mutu wa namna hii angeweza kusema: sina nafasi ya watoto. Lakini katika miaka ya 1980 alisaidia kuanzisha mpango wa kuwaingiza wanafunzi wa sekondari katika maabara yake mwenyewe, wakae na mainjenieri, washike vyombo. Tangu mwaka wa 2002, alipoacha kazi ya maabara, alifundisha kwenye chuo kikuu cha Howard.

Maabara ya jeshi! Vyombo vya bei ambayo hatuwezi hata kuitamka! Na mwenye vyombo hivyo aliwaita vijana wa umri wetu waje waviguse. Sisi tumefungia prisma mbili.

Carruthers alipata heshima hata akiwa mzee. Mwaka wa 2013 Rais Obama alimpa nishani ya taifa ya teknolojia. Alikufa tarehe 26 Desemba 2020. Na lile wingu la hidrojeni alilolionyesha mwaka wa 1972 halijasahauliwa: tarehe 24 Septemba 2025 Marekani ilirusha chombo kipya cha kulitazama, kikiwa kimepewa jina lake, Carruthers Geocorona Observatory, kiende mahali palipo mbali na dunia kilometre milioni moja na nusu hivi, upande wa jua. Aliyeongoza mpango huo ni mama mmoja, Profesa Lara Waldrop, wa chuo kikuu cha Illinois, ndicho kile kile alichosoma Carruthers. Sababu ya kwenda mbali hivyo inafurahisha: wingu lile ni kubwa mno, hata ukiwa mwezini uko bado ndani yake. Ni kama mutu anayetaka kuona moshi wa nyumba nzima. Ni lazima atoke nje, aende mpaka barabarani.

Basi tunaomba nini? Tumemwandikia Bwana Prefe wa masomo barua, nayo imefika ofisini siku ya Jumatatu. Tunaomba kabati lifunguliwe kila Jumamosi nyuma ya usafi, saa mbili, mwalimu wa fizike akiwapo na kapita mmoja akiandika kila kitu kinachotoka na kinachorudi. Kitu kikivunjika, kiandikwe kimevunjika, na aliyekivunja asaidie kutafuta njia ya kukitengeneza. Majani yafyekwe na wanaopigana.

Zaidi ya hapo tunataka kuanza na kitu ambacho hakimgharimu Bwana Ekonoma hata faranga. Mwenye miwani ya mzee ya kusomea ambayo fremu yake imevunjika, atuletee kioo. Kile kilichoandikwa +1 njo tunachokitafuta: kinakusanya mwanga kwa umbali wa metre moja. Ukikiweka mwanzoni mwa mrija wa kartoni, na mwisho wake ukaweka kioo kidogo cha kukuzia cha kabati, chenye santimetre tano, kitu cha mbali kitakuwa kikubwa mara ishirini. Kitaonekana kimegeuka kichwa chini, na rangi kidogo zitatokea pembeni, lakini mashimo ya mwezi yanaonekana. Mwalimu amelifanyia hesabu pamoja nasi. Amekataza kwa nguvu, nasi tunakataza kwa jina la ukapita, mutu yeyote kuelekeza mrija huo kwa jua: atapoteza jicho, na hakuna kioo cha kulirudisha.

Chombo cha dhahabu kule Descartes hatutakiona, ni kidogo mno kwa teleskopu yoyote ya hapa duniani. Mahali pake tu tutajua kupaonyesha kwa kidole: karibu na katikati ya uso wa mwezi, chini kidogo.

Kwa yule mwanafunzi wa prisma, tulikwenda kwake Jumatano jioni, sisi watatu, tukamwomba radhi mbele ya wenzake wa chumba. Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akauliza kama kweli tutakuwa na kole ya kutosha kwa mrija wa metre moja, maana kartoni za biskuti ni laini, zitapinda katikati. Hatukuwa tumefikiri jambo hilo. Amesema ziwekwe mbili, moja ndani ya nyingine. Tumemweka wa kwanza kwenye liste ya Jumamosi. Wanaotaka kujiandikisha nyuma yake, wavulana na wasichana, waje kwa kapita wa darasa lao mbele ya Ijumaa saa kumi. Ofisi ikikataa, tutawaambia katika ukurasa huu huu.

Kapita mkuu wa wanafunzi, pamoja na wakapita wenzake wa darasa la mwisho